Jina Linalonong'onwa Dirishani kwa Bu Warsini

Saa moja asubuhi, foleni ya kituo cha afya katika vilima vya kusini mwa Java imeshafika getini. Kwenye dirisha la masjala, karani Warsini, ambaye wote humwita Bu, yaani Mama, anapekua mafaili yaliyochakaa. Jina la Rahayu halimo.

"Mjukuu wangu hajawahi kutibiwa hapa," anasema Mbah Kasinem, bibi aliyempakata Rahayu, binti wa miaka mitano anayechemka homa.

"Mbah, usinifanye mtoto. Kabla ya Rahayu aliitwa nani?"

Bibi anageuza uso. Huku vilimani, mtoto akiugua mfululizo, watu husema jina limemlemea. Hupikwa wali, majirani huitwa, naye hupewa jina jepesi. La zamani halitamkwi tena, maradhi yasije yakalisikia yakarudi.

Hapo ndipo faili na mgonjwa wake hupoteana. Mwenye jina jipya hufunguliwa faili jipya, damu hupimwa upya, picha ya kifua hupigwa upya, na foleni huzidi kurefuka. Kwa miaka mitatu Warsini, mwenye miaka 46 na mshahara mdogo wa rupia milioni moja na laki nne kwa mwezi, ameunganisha mafaili 412 ya namna hiyo. Hakuna aliyemtuma.

"Nilichoka kuona watu wakitobolewa vidole bure," anasema.

Njia yake ni moja tu. Anatoka ofisini, anainama mpaka usawa wa mdomo wa bibi.

"Ninong'oneze, Mbah. Mimi si maradhi."

"Na ukiropoka je?"

"Nikiropoka, njoo na koleo uning'oe ulimi."

Bibi anacheka bila kupenda, kisha ananong'ona. Dakika mbili baadaye faili limepatikana. Juu yake pana wino mwekundu: penisilini iliwahi kumvimbisha mtoto huyu hadi akashindwa kupumua. Leo ana usaha kooni, na sindano ya kwanza ingekuwa hiyohiyo.

Warsini anakimbia nalo kwa daktari. Kisha anarudi kukaa dirishani.

Mwezi ujao kompyuta zinaingia na mafaili haya yatateketezwa. Fomu mpya ina nafasi ya jina moja. Mara mbili ameandika barua wilayani kuomba iongezwe ya pili, na mara zote amejibiwa kwamba mtu mmoja ana jina moja.

"Waje wakae dirishani hapa asubuhi moja tu," anasema kwa uchungu.

Na kweli maofisa wa wilaya wanakuja, Alhamisi, kwa ukaguzi wa mwisho. Warsini amepanga kuwawekea mezani mafaili yote 412, na la Rahayu juu kabisa.

Mbah Kasinem, anayesubiri dawa ya maji, amesikia yote.

"Hiyo kompyuta ina mdomo?"

"Haina, Mbah."

"Basi haina ubaya, ipewe na lile la zamani." Anamfunika mjukuu wake vizuri. "Alhamisi nitakuja niwaambie mwenyewe. Ila mmojammoja, sikioni."