Udongo wa Juu ya Barabara

Fulgence Perrodin hanisalimii, nami simsalimii. Kazaliwa hapa Vaurelles, atafia hapa, na katika miaka yake sabini na minne hajafanya la maana ila kumiliki mistari ishirini na sita ya mizabibu juu ya barabara. Juu huko, sheria inaruhusu chupa ya divai iandikwe jina la kijiji na daraja la kwanza. Chini, kwetu, ni jina la mkoa tu, basi. Barabara yenyewe punda akilala anaiziba. Lakini Fulgence akipita kwetu hubeua midomo utadhani sisi tunakamua soksi.

Binti yake wa pekee, Solange, aliolewa na Régis Tachot, wa chini. Mzee hakwenda harusini. "Mtu wa divai ya kupikia nyama!" alisema sokoni Beaune, watu wote wakisikia. Miaka sita hawakusemezana.

Juni hii ikapiga mvua kubwa, ikateremsha udongo wa Fulgence hadi shambani kwa Régis. Mizizi ya mizabibu ya mzee ikabaki uchi. Udongo ukishuka, unaupandisha mwenyewe, kapu mgongoni, kabla jua halijaikausha mizizi. Ukichelewa, mizabibu imekwenda. Mashine haipandi mteremko ule, na mgongo wa Fulgence ulishakufa zamani. Nilimwona kutoka kibarazani kwangu akipanda na kapu nusu, akikaa kila hatua kumi, akiyatukana mawingu. Nikaendelea kula jibini yangu. Sikumwonea huruma, nasema kweli.

Siku ya tatu Solange akaja. La zamani hakuligusa.

"Baba, pumzika. Mimi na Régis tutamaliza kabla ya Jumapili."

Akajaza kapu pomoni kule shambani kwao, akalibeba, akaingia barabarani. Mzee alikuwa amesimama mwanzo wa mstari, midomo inamcheza. Nikadhani leo kiburi kimepata dawa. Wapi!

"Simama hapo hapo! Kwangua viatu kwanza. Usiniletee matope ya chini shambani kwangu."

"Kwani mgongoni nimebeba nini, Baba? Udongo wako umelala kwetu siku tatu."

"Wangu naujua. Kwangua!"

Jamani! Mizizi iko nje, yeye anachagua matope! Nikapaza sauti, "Muogeshe na sabuni kabisa, Fulgence!" Akajifanya hasikii.

Solange akalegeza mikanda, akalitua kapu katikati ya barabara, taratibu, bila kumwaga hata chembe, akarudi kwake.

"Solange!" Hakugeuka. "Basi njoo na viatu vyako hivyo hivyo!"

Mlango ulishafungwa.

Mzee akaliendea kapu, akapitisha mikono kwenye mikanda, akavuta. Halikubanduka. Akavuta tena, akakaa kitako lamini. Ndipo akageuka kunitazama mimi, mara ya kwanza tangu sijui lini.

"Jirani," akasema.

"Mimi ni wa chini, mzee," nikamjibu. "Viatu vyangu vichafu."