Karatasi ya Picha Nne

Mke wangu hakupenda picha hata kidogo. Simu yake ilikuwa ya batani, na mimi nikimwelekezea yangu anajifunika kanga uso mzima. Kwa hiyo alipofariki, sura yake ilibaki kwenye karatasi moja tu, ya pasipoti saizi, tuliyopiga hapa Mpanda zamani tulipokuwa tunaomba kiwanja. Kamera ile ilikuwa na macho manne, karatasi moja inatoka na picha nne. Tukabana matumizi, tukagawana karatasi: kushoto mimi, juu na chini, kulia yeye, juu na chini. Kiwanja hatukupata, na karatasi haikukatwa.

Hivi karibuni mama mkwe akaagiza kutoka Kibaoni kwamba anataka picha ya mwanawe, ibandikwe msalabani siku ya kumaliza msiba. Ombi la haki kabisa, na likaniudhi kwelikweli. Nilikwenda steshenari, kopi ikatoka nyeusi tii. Dada wa mashine akasema picha imeshafifia, nikate moja tu nipeleke. Nikate tu! Mdomo hauna kazi.

Wembe ulikaa mezani siku kadhaa, karibu na sahani yangu. Nikitoa yake ya chini, pale chini nabaki mwenyewe pembeni ya pengo. Upweke wa nyumbani unanitosha jamani, sihitaji na wa kwenye picha. Mwishowe nikakata katikati, kwa mlalo. Zikawa picha mbili, kila moja ina mimi na yeye. Moja nikaiacha kabatini, nyingine nikaenda nayo Kibaoni.

Mimi na mama mkwe hatutazamani usoni, ndiyo heshima yetu. Siku hiyo aliipokea ile picha, akaikodolea, kisha akainua macho akanitazama.

"Baba, wewe hujafa," akasema. "Aliye hai haendi msalabani."

Nikamjibu kwamba nyumba imekuwa kimya mno, sijui tofauti iko wapi. Akaomba mkasi, akatutenganisha taratibu. Ya binti yake akampa fundi wa msalaba. Mimi nikanyoosha mkono kuchukua kipande changu.

Akakifunga kwenye pindo la kanga.

"Huyu nabaki naye mimi," akasema, akainamisha macho kama kawaida.

Nililia mbele ya wakwe zangu wote, na wala sikuona aibu.