Kifo cha Kalamu Nyekundu

Kwa huzuni natangaza kifo cha kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia. Imeanguka leo darasani, hapa Mengo.

Mwanafunzi wangu Furaha alikuja na mtihani wake wa fizikia. Katika swali moja kamba inavuta sanduku kwa mshazari, nami hapo nimempa sifuri.

"Kani ya mlalo ni kosaini!" nikafoka. "Nimeimba mara ngapi?"

"Samahani, mwalimu. Hapa kwenye mchoro wa swali, pembe umeipima kutoka wima. Mlalo unachukua saini, si kosaini."

Nikatazama. Imepimwa kutoka wima kweli, tena kwa mkono wangu.

Okello, mwenzake aliyepata alama zote kwa kosaini, akaruka: "Mwalimu, zangu usiguse!"

Walimu wenzangu, chekeni tu.

Furaha nimemrudishia alama zake.

Ila kalamu haikuanguka. Niliivunja kwa hasira, maana nilipokuwa nasahihisha nilitafuta kosaini tu. Mchoro wangu mwenyewe sikuutazama kabisa.