Popo wa Nyamitanga

Niliwasikia kabla sijawaona: mkwaruzo juu ya dari, kisha kitu kama karatasi zinazokunjwa, kisha vilio vyembamba. Ilikuwa wiki ya tatu tangu tumzike baba kule Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi. Nilikuwa nimemleta mama kwenye nyumba yangu ya kupanga hapa Mbarara, upande wa Nyamitanga, nikaapa kwamba hatarudi kulala peke yake katika ile nyumba ya udongo. Hilo tu ndilo nililolitaka. Mengine yote, hata machozi, yalikuwa yamenikauka.

Mama hakuwa amefungua furushi lake. Kila jioni aliketi barazani, uso ameuinua kwenye ukingo wa paa, mpaka popo wa mwisho atoke. Nikaamini anawaogopa. Nikamtafuta mtu wa kuwaondoa.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja mstaafu wa jeshi aliyeishi karibu na kambi ya askari. Wote walimwita Afande. Kazi yake siku hizi ilikuwa nyuki, nyoka na popo. Alikuja na ngazi na tochi, akapanda darini, akashuka na utando wa buibui kwenye nyusi.

"Wewe nakaa na batalioni mzima huko juu," akaniambia, "na hata saluti hapana pata!"

"Utawaua?"

"Hapana ua. Popo ni kama askari. Yeye naenda doria, wewe nafunga geti. Lakini kwanza naangalia kama iko watoto. Kama iko, sifungi. Mama yao nakuwa wazimu." Akajifuta uso. "Sasa hakuna. Yote naruka."

Akaziba kila upenyo kwa waya na sementi, isipokuwa mmoja. Pale akaning'iniza wavu mrefu kama mkono wa shati: popo angeteleza ndani yake na kutoka, lakini akirudi asingeupata mlango.

Mama alikuwa amesimama chini ya ngazi. "Afande, batalala wapi?"

"Mama, dunia kubwa. Miti iko mingi huko mto Rwizi."

"Hata sisi balituambiaka hivyo."

Afande alicheka. Mama hakucheka.

Jioni tatu mfululizo popo walitoka kidogo kidogo, na alfajiri walirudi wakazunguka ukingo wa paa, wakigusa sementi na kuondoka, wakigusa na kuondoka. Siku ya nne Afande akaushusha wavu, akaziba tundu la mwisho, akanipa mkono. Usiku ule nyumba haikutoa sauti hata moja. Nikasubiri nifurahi. Nikalala.

Asubuhi nilimkuta mama ameketi sebuleni, amevaa kitenge cha safari, furushi magotini.

"Mama, wameondoka. Hakuna cha kukuogopesha tena."

"Nani alikuambia naogopa? Nilikuwa nabahesabu." Alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Kule Nakivale, mtu akilala anasikia majirani bote. Huyu anakohoa, huyu anaomba, yule anagombana na bibi yake. Baba yako alikuwa anabajibu kupitia ukuta, tunacheka. Hapa nilikuwa na bale ba juu tu. Sasa hii fasi iko kimya mingi, mutoto wangu."

Ningeweza kumwomba abaki. Ningeweza kumwambia nitamwita Afande aje kuivunja sementi yake. Maneno yalikuwapo, niliyaona moja moja, lakini hakuna lililonisukuma. Nilijikuta nikiuliza kama amechukua dawa zake za presha.

"Nimekamata."

"Na maji ya njiani?"

"Nimekamata, mama," akasema, akiniita mama, kama alivyoniita nilipokuwa mdogo na homa.

Akavaa kandambili zake. Akalitazama dari mara moja, pale palipokuwa na sauti ya kwanza. Kisha akajitwika furushi, akatoka, na kwa mkono uliobaki akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukashika.