Pua ya Bi Eshrat

Bi Eshrat alipotoka hospitali na plasta nyeupe katikati ya uso, mji wa Hamadan ulikuwa umefunikwa na theluji, na kichochoro chetu kizima kilikuwa kimekwisha kata shauri kwamba mjane huyu wa miaka sitini na tatu anataka mume. Tusilaumiwe sana. Kwetu wasichana wanaochongwa pua hutembea na plasta zao kwa maringo, kama wengine wanavyotembea na pete ya uchumba. Nani angewaza sababu nyingine?

Jirani yake Shoukat ndiye aliyekuwa wa kwanza kumjulia hali. Alikuja na kopo la mananasi, maana kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, akakaa, akanywa chai, na alipoona hasimuliwi kitu akauliza mwenyewe.

"Hebu sema kweli, shoga yangu. Ni nani huyo bwana?"

"Humjui," alisema Bi Eshrat, sauti yake imezibwa na pamba. "Ila ana masharti yake. Anataka mke mwenye pua ndogo na jirani asiye mdaku."

Shoukat alicheka mpaka chai ikammwagikia. Bi Eshrat hakucheka, kwa sababu daktari alikuwa amemkataza kucheka. Nilikwambia mama huyu ni wa kumvulia kofia? Basi ngoja.

Ukweli ni kwamba Bi Eshrat alikuwa amekaa miaka sita bila kusikia harufu yoyote. Vinyama vilimwota puani vikaziba njia, naye akazoea, kama mtu anavyozoea mlango unaokwama. Alikuwa mshona mifarishi, yale mablanketi mazito ya pamba. Hakuna bibi harusi wa mtaa huu aliyeingia nyumbani kwa mumewe bila mfarishi wa Bi Eshrat, na wengine wetu tumezaliwa, tumeugua na tumepona chini ya pamba aliyoitandaza kwa mikono yake. Alishona, alipika kwa kukadiria viungo kwa macho, na wageni waliendelea kulamba vidole bila kujua kwamba mpishi hasikii hata kitunguu.

Mpaka ikaja siku ya vuli ambapo hicho kitunguu kilimuumbua. Kiliungulia kikaangoni, pazia la jikoni likashika moto, naye yuko chumba cha pili anashona na kujiimbia. Shoukat ndiye aliyesikia harufu kutoka uani kwake, akaingia mbio na ndoo ya maji. Wadaku nao wana siku yao.

Kesho yake Jamshid akashuka kutoka Tehran. Huyu ni mwanawe wa pekee, karani wa bima, mtu mwema lakini mwenye kuogopa kila kitu, kama ilivyo kawaida ya watu wa bima. Tangu mkewe aondoke alikuwa akiishi peke yake katika fleti ya ghorofa ya tano. Alilitazama lile pazia lililoungua, akamtazama mama yake, akasema neno ambalo Bi Eshrat hakulisahau.

"Mama, mtu asiyesikia harufu ya moto haachwi peke yake ndani ya nyumba. Nyumba tunauza. Utakuja kukaa na mimi."

Nyumba yenyewe ina ua wenye birika la maji na mti wa tufaha-mwitu aliopanda mumewe, na Bi Eshrat aliingia humo akiwa bibi harusi. Alilia usiku mmoja, sijui zaidi. Asubuhi alimwambia mwanawe kwamba atapasuliwa pua. Kama Nairuzi, mwaka wetu mpya, ikifika naye anasikia harufu, atabaki kwake. Kama hasikii, atafunga virago mwenyewe bila kunung'unika. Jamshid akakubali, kwa kuwa hakuamini kwamba mama yake, anayeogopa hata sindano ya daktari wa meno, angethubutu.

Alithubutu. Walimkata vile vinyama, wakamnyoosha na mfupa uliopinda, wakamrudisha nyumbani na masharti ya kumchosha malaika. Asiiname. Asipenge kamasi. Akipiga chafya, aipige kwa mdomo wazi. Asitoke kwenye baridi kali, asilale chali, asibusiane na mtu mwenye mafua, asivae miwani juu ya pua. Bi Eshrat aliyashika yote kwa bidii ya mtu anayetunza amana. Alilala ameegemea mito. Aliosha pua kwa maji ya chumvi huku machozi yakimtoka. Miwani aliifunga uzi akaining'iniza kwenye ushungi, akaendelea kutunga sindano. Na mchana kutwa alikaa kwenye korsi, ile meza yetu fupi ya majira ya baridi iliyofunikwa mfarishi mpana, joto likiwa chini yake na miguu ya nyumba nzima ikiwa humo ndani.

Alipotoka mara moja kwenda kufunguliwa pamba, alipitia foleni ya mkate amejifunga shali mpaka mashavuni, plasta ikichungulia. Msichana mmoja mwenye plasta kama yake alisogea karibu.

"Umefanyiwa na nani, mama? Imekaa vizuri."

"Na yako pia, mwanangu. Wewe imekuuma?"

"Imeuma, lakini naolewa."

"Basi njoo nikushonee mfarishi," akasema Bi Eshrat. "Mimi yangu ni ya kusikilizia vitunguu." Msichana hakuelewa, lakini alimpisha mbele yake kwenye foleni.

Shida ni kwamba pua ilipona vizuri, ikawa inapitisha pumzi kama dirisha jipya, lakini harufu haikuja. Daktari alisema asubiri. Jamshid naye alikuwa akija kila mwisho wa wiki na vichupa vyake vya majaribio. Mama alifumba macho, mwana akamwekea siki, uwatu, mafuta ya taa. Molouk, mdogo wake Bi Eshrat aliyehamia kumuuguza, hakuipenda kabisa kazi hii. Yeye alikuwa tayari kumtolea dada yake ushahidi wa uongo mbele ya kadhi.

Siku moja Jamshid alileta achari ya vitunguu saumu ya miaka saba, ambayo ikifunguliwa hata paka hukimbia. Aliiweka chini ya pua ya mama yake. Mama akavuta pumzi, asipate kitu. Ndipo Bi Eshrat akahisi kidole cha mguu cha Molouk kikimfinya chini ya mfarishi, mara mbili, kisha mara ya tatu kwa msisitizo. Walikuwa wakifinyana hivyo tangu utotoni, na mara tatu maana yake ilikuwa kitunguu saumu.

Angeweza kusema neno moja tu, na nyumba ingebaki yake. Mimi ningesema, na wewe msomaji nadhani pia.

"Molouk, toa mguu wako juu ya wangu," akasema Bi Eshrat. "Sisikii kitu, mwanangu. Funika chupa."

Molouk alimnunia mpaka chakula cha jioni. "Kichwa chako kigumu kama jiwe, dada. Nakuokoa, unanitia aibu mbele ya mtoto."

"Moto ukiwaka tena, mguu wako ndio utakaouzima?" akajibu Bi Eshrat.

Wiki zikapita, mwaka wetu ukawa unakaribia kwisha. Mnunuzi alikuwa amekwisha pima ua, akasema ule mti utabidi ukatwe. Bi Eshrat akaanza kufunga vyombo vya kaure kwenye magazeti, akiketi wima kabisa, maana kuinama bado alikuwa haruhusiwi.

Jamshid alikuja kumaliza mauzo siku ya theluji kubwa ya mwisho. Aliingia akitetemeka, macho mekundu, pua imefura kwa mafua, na Molouk alikuwa ameyapata yake tangu juzi. Bi Eshrat aliwakataza wote wawili wasimbusu, akawakalisha upande wa pili wa korsi. Juu ya jiko la kupikia kulikuwa na sufuria ya turnipu za kuchemsha, dawa yetu ya mafua, na hakuna kati yao aliyesikia harufu yake.

"Leo hatujaribu kitu, mama," alisema Jamshid. "Hata mimi mwenyewe sisikii. Mnunuzi anakuja Jumamosi." Alisema hivyo akiangalia pembeni. Kisha akajivutia mfarishi mpaka shingoni na kulisogeza kwa mguu lile jiko la umeme lililokuwa chini ya meza, limkaribie. Ni yeye aliyelinunua baada ya moto wa jikoni, kwa kuwa makaa ya mama yake yalimtia hofu. Akasinzia. Molouk naye akakoroma.

Bi Eshrat aliendelea kushona. Alikuwa akiushona mfarishi wa yule msichana wa kwenye foleni, na aliwaza kwamba huenda ukawa wa mwisho katika nyumba ile. Kisha kitu chembamba kikampita puani. Alidhani ni kumbukumbu tu, kwa maana kumbukumbu za harufu zilikuwa zikimtembelea. Alivuta pumzi tena. Kilikuwepo bado, kikavu na kichungu, na mikono yake ilikijua kabla ya kichwa chake, maana ilishika pamba miaka arobaini.

"Jamshid, vuta miguu yako," akasema kwa utulivu. "Kuna pamba inaungua."

Molouk akafumbua jicho moja. "Dada, jaribio ni la leo? Mbona sijakufinya?"

"Jamshid. Chomoa waya, kisha inua mfarishi. Mimi siruhusiwi kuinama."

Jamshid alichomoa waya na kuuinua mfarishi, na moshi ukamjia usoni. Pindo la ndani lilikuwa limelalia jiko, likaungua tundu la ukubwa wa kisahani, na kingo zake zilikuwa bado nyekundu. Molouk alimwagia birika zima la chai.

Jamshid alipiga magoti, akauleta mfarishi puani, akanusa. Akanusa tena kwa nguvu. Akamtazama mama yake kwa uso wa mtu aliyepotea njia.

"Sisikii chochote," akasema.

"Wewe ndiye uliyelisogeza jiko," akasema Bi Eshrat.

"Ni mimi."

"Na kule ghorofa ya tano, siku kama hii, nani angekwambia uvute miguu?"

Jamshid alipitisha kidole kwenye kingo za lile tundu.

"Basi, mwanangu, mtu asiyesikia harufu ya moto haachwi peke yake ndani ya nyumba. Maneno si yangu."

"Mkuki kwa nguruwe, Jamshid," akaongeza Molouk, na kuanza kucheka kwa sauti iliyopwelea. Jamshid naye alianza kucheka, lakini kicheko kilimkatikia njiani, akabaki amepiga magoti na mfarishi ulioloa mapajani, mwanamume wa miaka arobaini ambaye kwa muda mrefu alikuwa akila chakula chake cha usiku amesimama jikoni. Mama yake alikuwa akilijua hilo siku zote. Alikuwa akimsubiri tu alijue mwenyewe.

Machozi yalimshuka Bi Eshrat pande zote mbili za pua yake mpya, naye kwa kuwa amekatazwa kupenga aliyaacha yashuke.

"Mnunuzi nitampigia simu," alisema Jamshid baadaye. Akakohoa. "Mama, kile chumba changu cha zamani bado kina kitanda?"

"Kina, na godoro nimelianika vuli hii. Karibu mpaka utakapopona, na hata ukishapona." Akavuta pumzi ndefu, taratibu, kama daktari alivyomfundisha. "Ila soksi zako zitalala uani. Nazo nimezisikia."