Bastola niliyomwelekezea baba yangu

Jamani, leo nimemlaza baba yangu sakafuni. Mzee wa miaka sabini na nne!

Nilimtoa nyumbani Chemchem, nikampeleka kwenye ukumbi wa kulenga shabaha ili aone bintiye alivyo hodari.

Risasi ya tatu ikapiga katikati kabisa.

Nikageuka kwa furaha: "Baba, umeona?"

Bastola bado iko mkononi. Nayo ikageuka pamoja nami.

Mzee akajitupa chini. Kofia huko, fimbo huko.

Mkufunzi akanishika mkono, akaichukua bastola. "Dada, tafadhali toka nje."

Nikamwinua baba, kiwiko kinatoka damu.

"Nisamehe baba, nilijisahau."

(Bora angenigombeza.) Tulipofika Mtendeni, njiani kurudi nyumbani, ndipo akasema, taratibu tu:

"Mwanangu, enzi za Ujamaa tulijifunza mgambo kule Ziba kwa bunduki za mti, tulizochonga wenyewe. Na hata hiyo ya mti, hakuna aliyethubutu kumwelekezea mwenzake."

Sasa yuko barazani, kiwiko kimefungwa kitambaa. Mimi nimejifungia chumbani nawaandikia nyinyi.

Niambieni, naanzia wapi kumtazama usoni?