Deski Ni Yangu, Nyuki Si Wangu

Mzungu wa kwanza kuitwa Mkamba mbele yangu alikuwa msichana wa sinema. Ilikuwa Jumamosi mchana, Kawangware, ndani ya kibanda cha video cha mabati ambacho madirisha yake yalizibwa kwa magunia ili jua lisiharibu picha. Miaka hiyo ya tisini, kibanda kilikuwa na mtu wa maiki, anayekaa kando ya televisheni na kutuambia kwa Kiswahili Wazungu wanasema nini. Kiingereza cha huyu wetu kilikuwa cha kubahatisha, lakini mdomo alikuwa nao.

Msichana wa sinema alikuwa ameteswa na wanafunzi wenzake tangu mwanzo. Walimkata nywele darasani, wakamfungia chooni, wakamwachia kiti kilichovunjika ili akianguka wacheke. Halafu siku ya mashindano ya kuogelea akasimama kando ya bwawa, akawakodolea macho, na maji yakaanza kuchemka. Hakugusa kitu. Mtu wa maiki alitafuta neno la kutuelezea jambo hilo, na akalipata.

"Watu wangu," akasema, "huyu dada ametoka Kitui. Hiyo ni kamuti."

Kibanda kizima kilicheka hadi mabati yakatetemeka. Mimi sikucheka. Kitui ni Ukambani, kamuti ni dawa ya Kikamba ya kuroga, na Nairobi nzima ilikuwa na hakika kwamba kila Mkamba anayo mfukoni. Ukimwibia Mkamba, walisema, nyuki watakufuata popote ulipo hadi urudishe ulichoiba. Sasa mimi ni Mkamba. Baba yangu alikuwa seremala, mama aliuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, nje ya nyumba yetu Mashimoni, Kibera, na wote wawili Jumapili ukiwatafuta ungewapata kanisani. Kamuti tuliisikia kutoka kwa majirani.

Shuleni lakini hilo ndilo lilikuwa jina langu. Nilisoma shule ya kutwa huko huko Kawangware, nikitembea kwenda na kurudi kila siku, na hakuna aliyeniita jina langu la ubatizo isipokuwa mwalimu akisoma rejista. Nikinywa maji kwa kikombe cha tangini, anayefuata anakisugua kwa mchanga kwanza. Nikikaa kwa benchi, benchi inabaki yangu peke yangu. Kiongozi wa mambo hayo alikuwa msichana mmoja wa mtaa wa Riruta Satellite, binti wa mwenye duka, mrembo kweli, sitamnyima hilo. Ndiye aliyechukua bikari ya hesabu akachonga neno KAMUTI juu ya kifuniko cha deski yangu, kwa herufi kubwa, na akachonga vizuri.

Deski hiyo ilitengenezwa na baba. Shule yetu ilikuwa ya kujengwa na wazazi na haikuwa na vitu, kwa hivyo ukiingia kidato cha kwanza ulikuja na deski yako. Baba alinitengenezea ya sanduku na kifuniko, na pembeni akatoboa tundu la kuweka kichupa cha wino. Nilimwambia siku hizi hakuna anayeandika kwa wino wa kuchovya. Akasema deski ya shule ni lazima iwe na tundu, yake ilikuwa nalo. Alipokuja mkutano wa wazazi akaona lile neno, alitaka kurudi na randa alifute. Nikamwambia aache. Sikulichonga mimi, kwa nini nihangaike kulificha?

Basi mle kibandani, neno lile lile lilipotoka kwa maiki, nilitaka kusimama nitoke. Lakini maji yalikuwa yanachemka, na wale waliomkata nywele walikuwa wanalia, na nikajikuta nimekaa. Nitasema ukweli, nilifurahi. Nilitaka wachemke wote. Nilirudi Jumamosi iliyofuata na nyingine nyingi, kuona sinema za aina hiyo. Mara ni kijana wa miwani anayeamsha wafu, mara ni msichana anayefunga milango kwa macho tu. Hadithi yenyewe haibadiliki. Wanakudharau, unapata nguvu, wanalia. Na mwishoni ni lazima ufe wewe pia. Hapo ndipo nilipokuwa nakasirika.

Siku moja watu wakitoka nilimwendea mtu wa maiki nikamuuliza mbona kila mara yule anayeonewa anakufa.

"Mchawi lazima afe, siste," akaniambia huku akikunja waya zake. "Watu wakienda nyumbani na yeye bado yuko hai, watalala aje?"

Nikamwambia huo ni upuzi. Akasema nikalalamike kwa Wazungu.

Siku ya kufunga shule mwezi wa nne, yule msichana wa Satellite alichukua sweta yangu akaitupa chooni. Kila mtu aliona. Shule ikafungwa, mvua ikanyesha, na tulipofungua tena tukakuta darasa letu linavuma. Kundi la nyuki lilikuwa limeingia kupitia dirisha lisilo na kioo, likazipita deski zote, likachagua moja. Walikuwa wanaingia na kutoka kwa lile tundu la wino la baba. Juu ya kifuniko, nyuki walitembea juu ya neno KAMUTI kama wanalisoma.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Sweta iliibwa, nyuki wamekuja. Nusu ya darasa walikuwa wameiona sinema ya bwawa, na wakasogea nyuma kwa njia ile ile, wakiniangalia mimi badala ya nyuki. Msichana wa Satellite aliketi chini kwenye vumbi na sketi yake safi. Roho yangu ilitulia kabisa, kama mtu aliyelipwa. Nilisimama hapo nikawaangalia mmoja mmoja, na hakuna aliyenitazama machoni.

Raha hiyo haikufika jioni. Hedimasta aliniita ofisini na hakunipa hata nafasi ya kuketi. Akasema Ijumaa atamleta pasta. Nitasimama mbele ya paredi, niseme nimeiacha kamuti, niombewe, na nyuki waondoke. Nikikataa, nichukue deski yangu niende, na nisirudi. Shule nyingine ambayo wazazi wangu wangeiweza haikuwapo, yeye alijua na mimi nilijua.

Nyumbani mama hakufikiria mara mbili. "Sema tu wanachotaka," akasema. "Ni maneno. Yaseme urudi darasani."

Baba alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti. Akauweka chini, akaniuliza, "Ukisema umeiacha, si ni kumaanisha ulikuwa nayo?"

"Ndiyo."

"Na ulipewa na nani?"

Wangesema nilipewa nyumbani. Mama naye akaangalia sufuria yake ya githeri, ile ambayo nusu ya Mashimoni walikula kutoka kwayo, na nikaona limemwingia. Hakusema tena niseme. Alisema tu nivae soksi safi Ijumaa, nisiende kusimama mbele ya watu nikiwa mchafu.

Nilitembea kutoka Mashimoni Ijumaa hiyo nikiwa na woga, tena woga mwingi, lakini hasira ilikuwa imeuzidi. Paredi ikasimama. Pasta alikuwa na chupa ya mafuta. Hedimasta akaniita mbele akasema, haya, ambia wenzako.

"Sikuleta nyuki," nikasema. "Sijui kuleta nyuki. Na hebu mfikirie. Ningejua, si ningewaleta kidato cha kwanza?"

Halafu mtu wa safu ya nyuma akacheka, na kicheko kikatembea hadi mbele, na hata pasta akajifanya anakohoa. Hedimasta hakucheka. Akanyoosha kidole kuelekea darasani. "Chukua deski yako. Toka."

"Sawa, mwalimu," nikasema. "Deski ni yangu, nitaichukua. Lakini nyuki si wangu, ni wa shule. Watolewe nyuki wa shule, nichukue deski yangu, niende."

Aliangalia darasa. Akamwangalia mlinzi, na mlinzi akaangalia viatu vyake. Akamwangalia pasta, naye akakaza kifuniko cha chupa ya mafuta. Hedimasta angesema nyuki ni wangu, basi angekuwa amekiri mbele ya pasta kwamba nyuki humtii Mkamba kuliko maombi, na yeye alikuwa mzee wa kanisa. Mwishowe akasema nitaondoka siku nyuki watakapoondoka. Nikamwambia asante.

Darasa letu likahamishiwa kanisani, jengo la mabati karibu na geti la shule, kwa sababu mle darasani hakukuwa na mtu wa kuthubutu kuingia. Nami nikahamia pamoja nao. Huko hakukuwa na deski ya mtu yeyote, kulikuwa na mabenchi marefu tu. Siku ya kwanza nilikaa la mbele, na kama kawaida likabaki tupu upande wa pili. Mengine yakajaa, watu wamebanana magoti.

Msichana wa Satellite alichelewa. Alisimama mlangoni akitafuta nafasi, na nafasi ilikuwa moja tu. Mwalimu wa hesabu alikuwa ameshaanza kuandika ubaoni. Akamwambia bila kugeuka, "Keti, unatupotezea wakati."

Akaja. Alikaa ukingoni kabisa, karibu aanguke. Baada ya muda akaninong'oneza, "Kweli si wewe?"

Ningeweza kumwambia hapana. Nilikuwa nimeshasema mbele ya shule nzima. Lakini miaka miwili kikombe changu kilisuguliwa kwa mchanga, na sweta yangu ilikuwa bado iko chini ya choo.

"Kaa vizuri, usianguke," nikamwambia. "Kama ni mimi, utajua."

Alikaa vizuri. Kwenye sinema, yeye ndiye angekufa wa kwanza na mimi wa mwisho, na watu wangeenda nyumbani wakalale. Sisi tulifungua vitabu. Hakuwa na rula, nikamsogezea yangu katikati ya benchi, akaiangalia kwa muda, halafu akaichukua.